Fagio Halivai Nguo

Sikio langu la kushoto halisikii. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta mara mbili, na hata sasa mkono unaniwasha kuongeza "vizuri" mwishoni, ili lionekane jambo la kiasi. Si la kiasi. Sikio hilo limekufa tangu nikiwa darasa la tatu, nilipougua surua nikapona kila mahali isipokuwa hapo. Tangu wakati huo nimelikana. Nililikana kwa mama yangu, aliyedhani mimi ni mkaidi. Nililikana kwa mwanamume niliyeishi naye miaka tisa, aliyelala kushoto kwangu akiamini kwamba nampuuza. Chuoni ninakofundisha, hapa Iringa, wanafunzi wanaokaa upande wa kushoto wa darasa wananijua kama mwalimu mwenye dharau. Nimewaachia waamini hivyo. Dharau ina heshima yake; uziwi hauna.

Ninakiri leo kwa sababu ya mtu mmoja, fundi wa spika, ambaye kwa miaka kumi na moja alinipa cheo ambacho hakuna chuo kingeweza kunipa. Aliniita Sikio.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Watu wa mji wetu humuuliza mtu kabila kabla ya kumuuliza kama amekula, na yeye alipoulizwa alijibu, "Fundi." Ukisisitiza, alikuambia kwamba wazee wake walikuja na biashara wakakuta baridi, na biashara ikaisha, baridi ikabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa pwani, chenye "tafadhali" na "niwie radhi", lakini akikasirika aligeukia Kihehe, na hapo ndipo wateja walipojua kwamba wanaambiwa ukweli.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja Miyomboni, chenye rafu za mbao zilizotokana na masanduku ya nyanya ya Ilula; mbao nyingine bado zilinuka nyanya mvua ikinyesha. Alitengeneza pasi, feni, redio na chochote chenye waya. Hizo zilikuwa kazi. Spika za studio zilikuwa kitu kingine.

Msomaji asiyezijua spika za studio asione haya. Mimi nilizijua nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, na shahada mbili. Spika ya sebuleni kazi yake ni kukubembeleza. Inaongeza besi, inaficha makosa, inamfanya kila mwimbaji aonekane ameoga. Spika ya studio kazi yake ni kusema kilichopo, ili anayerekodi kwaya ajue inaimba nini hasa kabla hajaipeleka kwa watu. Zile za zamani ni masanduku mazito ya mbao, yaliyokuja na wamisheni na vyumba vya kurekodia vya redio, kisha yakaachwa stoo panya wakayafanya nyumba za wageni. Fundi alizitafuta kama wengine wanavyotafuta ndugu waliopotea. Akisikia kuna moja Njombe, alikwenda Njombe.

"Kikongwe hakiombi upya," alikuwa akisema. "Kinaomba usafi."

Akishasema hivyo, alifungua sanduku na kutupa nusu ya vitu vya ndani. Ndani ya kila spika kuna kibao kidogo kinachogawa sauti, nzito iende kwenye koni kubwa ya chini, nyembamba iende kwenye ndogo ya juu. Fundi alikiita kadhi. "Kadhi akizeeka," alisema, "mirathi inakwenda kwa wasiostahili." Aling'oa vipande vyake vilivyokauka akaweka vipya, bora kuliko vilivyokuwapo mwanzo, akabadilisha na nyaya. Nilipomkumbusha kuhusu kikongwe kisichoomba upya, hakuinua hata macho.

"Mzee akiwekwa meno hajawa kijana, Mwalimu. Anakula tu."

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ukingo wa koni. Ile sponji inayoshika koni pembeni huoza, ukiigusa inameguka kama keki ya harusi ya mwaka juzi. Mafundi wengine huagiza mpya Dar es Salaam. Yeye aliagiza mara moja, zikaja ndogo, akaapa. Tangu hapo alikata ukingo kutoka ngozi ya mbuzi, iliyokwanguliwa hadi ikawa nyembamba kama sikio la sungura, aliyoletewa na mtengeneza ngoma mmoja wa Kilolo. Niliwahi kumkuta ameketi na kipande cha ngozi hiyo kati ya vidole viwili, anakipinda na kukiachia, anakipinda na kukiachia, kwa muda ambao mimi ningesahihisha mitihani kumi. Nilimuuliza anafanya nini. "Naiuliza kama imechoka," alisema. Nilidhani ananitania. Baadaye nikaona kwamba ile ngozi aliitupa.

Tulijuana kwa kosa. Nilimpelekea spika ya ukumbi wa chuo, akaniuliza inasemaje. Nikajibu kwamba inakoroma kama mtu aliyeziba pua moja. Hiyo ilikuwa tamathali tu. Mimi ni mwandishi wa insha. Nikiona kitu natafuta kinachofanana nacho, ni ugonjwa kama mwingine. Tena nilikuwa nimeambiwa na mlinzi wa ukumbi kwamba spika ni mbovu, sikuisikia mwenyewe. Lakini Fundi aliweka bisibisi chini.

"Watu huniletea spika wakasema 'mbovu'," alisema. "Wewe umesikia pua."

"Kidogo," nilijibu, kwa unyenyekevu wa mtu anayesifiwa kwa alichoiba.

Siku hiyo hiyo nikaajiriwa, bila barua.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kila alipomaliza jozi ya spika aliniita, kwa kawaida Jumamosi kabla ya adhuhuri. Aliziweka spika mbili juu ya rafu, akatoa uzi wa mwashi wenye mafundo mawili, akapima: kutoka spika hadi spika, kutoka kila spika hadi kwenye kigoda. Pande tatu zikilingana, aliniketisha kwenye kigoda. Yeye alisimama nyuma yangu, kwa sababu, alisema, mwenye kazi hapaswi kumtazama hakimu usoni. Kisha akaweka kanda.

Kanda yenyewe hakuna duka lililoiuza. Aliirekodi mwenyewe nyumbani kwake. Mwanzo ni mke wake anafagia uwanja, fagio la njiti kwenye udongo mkavu. Halafu bisi zinapasuka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Halafu maji yanamiminwa kwenye debe. Mwisho ni yeye mwenyewe, anakohoa mara moja na kusema, "Haya."

"Hakuna muziki?" niliuliza mara ya kwanza.

"Muziki ni mgeni, huja amevaa. Utajuaje umbo lake? Fagio halivai nguo. Kila aliyelelewa na mama anajua fagio linasemaje asubuhi. Spika ikikosea fagio, hata mtoto atajua."

Hata mtoto, ndiyo. Mimi nilisikia fagio moja, mahali fulani kulia, kama ninavyosikia kila kitu duniani. Kama la kushoto lilikuwa limepauka, au limezidi, au halipo, ningejuaje? Ilinibidi nitafute msaada, na msaada ulikuwa mbele yangu. Katikati ya spika mbili, kwenye rafu, palikuwa na televisheni ya zamani ya kichogo, iliyokufa, kioo chake cheusi kimefutwa vumbi vizuri. Ndani ya kioo hicho nilimwona Fundi aliyesimama nyuma yangu, mdogo kama kidole, lakini kamili. Alipokunja uso, nilisubiri kidogo nikasema, "Kuna kitu hapa." Alipogeuza shingo upande mmoja, niliutaja upande huo. Alipotulia, mikono nyuma, kidevu juu, nilitoa hukumu.

"Safi, Fundi."

"Mashaallah," alisema. "Hata mimi nilisikia hivyo hivyo. Hata mimi!"

Alistaajabu kila mara jinsi masikio yetu yalivyokubaliana. Alikuwa na msemo mwingine, kwamba spika haisemi, inarudia, na taabu ya watu ni kudhani inasema. Nilikuwa nikiusikia msemo huo nimekaa kwenye kigoda chake, na uso wangu, naamini, haukubadilika.

Msomaji mwema atauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimezoea kutosema, hilo moja. La pili ni aibu zaidi: nilikipenda cheo. Nilikuwa mwanamke wa makamo aliyeachwa, mwenye makala katika majarida ambayo hata wahariri wake hawayasomi, na hapa palikuwa na mtu mmoja mwenye ujuzi wa kweli aliyenyamaza ili mimi niseme. Mbele ya wateja Fundi aliniita Sikio, nao wakaanza kuniamkia. "Huyo ndiye Sikio," walinong'ona, na nikipata bahati walisimama kulia kwangu nikawasikia.

Mtu huyu aliyetoa maisha yake kwa spika hakupenda makelele. Ajabu zaidi, hakupenda sana muziki. Nyumbani alikuwa na redio ndogo ya betri ya kusikilizia taarifa ya habari na vifo. Karakana yake ilikuwa mahali pa kimya kuliko pote Miyomboni. Watu wa maduka ya jirani waliofungulia muziki mlangoni aliwapelekea chai, akakaa nao, akazungumza mambo mengine kabisa, na akiwa anaondoka mkono wake ulipunguza sauti kana kwamba unaokota kijiti. Waumini wa msikitini kwake walipomtaka aongeze nguvu ya vipaza sauti, alikwenda, akapanda, akashuka. Sauti ilikuwa imepungua na kila neno linasikika. Wakalalamika. "Mwenyezi Mungu hajaniletea lalamiko," aliwajibu. Mwezi uliofuata Walutheri wakamwita awafanyie vivyo hivyo.

Alikuwa mpole kwa vitu na mkali kwa watu. Mteja aliyeweka sufuria juu ya spika alifukuzwa. Lakini nilimwona akimtengenezea bibi mmoja redio ile ile mara saba, na mara zote saba haikuwa na ubovu wowote. Bibi alikuwa anakuja kuzungumza. Aliifungua kila mara, akaipuliza, akaifunga. "Ilikuwa na vumbi," alimwambia. Kwa hiyo alijua kusema uwongo. Sikulijumuisha hilo kwenye hesabu zangu wakati ule.

Sasa nifike kwenye spika za Mbeya, maana ndizo zilizonifikisha kwenye kalamu.

Mbeya kuna mama mmoja anayerekodi kwaya, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, ukutani ameshindilia magodoro. Watu humwita Mama Studio nami nitamwita hivyo. Alipata jozi ya spika za studio kutoka chumba cha kurekodia kilichofungwa zamani, kubwa, nzuri, zimeoza kila mahali palipoweza kuoza. Alizileta Iringa. Fundi alizitazama, akaenda kunawa mikono kabla ya kuzigusa.

Alikaa nazo miezi mitano. Alibadilisha kadhi wote wawili. Alikata ngozi, akaitupa, akakata nyingine. Aliondoa uchafu uliokuwa umejazwa ndani, akajaza sufi safi, ile ya mito. Alipiga msasa mbao hadi rangi yake ya zamani ikatoka kama mtu anayeamka. Siku ya kigoda, fagio lilipoanza, nilimwona kwenye kioo amefumba macho. Hakuwa ameyafumba hata siku moja kabla ya hapo.

"Safi," nilisema.

Alizima kanda kabla ya "Haya" yake mwenyewe, na akatengeneza chai.

Nilikuwa nakwenda Mbeya kumwona mama yangu, nikajitolea kusindikiza mzigo. Fundi alinipa masharti matatu ya kumfikishia Mama Studio: zisigusane na ukuta, ziwe usawa wa sikio, na kisiwekwe kitu chochote juu yake, hata kikombe cha chai. Niliyakariri njiani, Mafinga, Makambako, hadi Uyole.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa aliyeamini kwamba kitu cha maana hakikai uchi. Alifunika redio, jokofu, viti, meza, na meza ndogo iliyo chini ya meza. Aliposikia nimeleta spika ambazo mtu amezihangaikia miezi mitano, alikwenda kabatini akatoa vitambaa viwili vya mahameli, vizito, vyenye bitana na ukingo wa kufuma. "Mpelekee huyo mama," alisema. "Usiende mikono mitupu kwenye nyumba ya watu." Nilivipeleka. Nilimweleza Mama Studio masharti yote matatu, akayarudia neno kwa neno, na tukahakikisha hakuna hata kalamu juu ya spika. Kisha nikazivisha. Vitambaa vilifika nusu ya uso wa kila moja, vikakaa vizuri sana. Mama Studio alipiga kigelegele.

Baada ya miezi miwili akapiga simu kwa Fundi. Spika zimenuna, alisema. Hazina uhai juu. Amekuwa akiongeza ukali wa sauti ili azisikie, na kwaya zikipeleka rekodi nyumbani zinasikika kama mtu anakwangua sufuria. Kwaya mbili zimehamia kwa mshindani wake.

"Zilete," alisema Fundi.

Zilikuja kwa basi, zimefungwa kwa blanketi. Fundi alizifungua hadi msumari wa mwisho na hakuona kosa. Akaniita. Uzi wa mwashi, kigoda, kanda. Nikatazama kioo.

Uso niliouona humo sikuwahi kuuona. Ulikuwa umekunjamana wote, unatafuta. Leo najua alikuwa anasikia fagio safi kabisa na haamini, kwa sababu mteja mwaminifu amesema ni bovu. Leo najua. Siku ile niliona uso uliokunjamana, na mimi nilikuwa mfanyakazi mzoefu.

"Kuna ukungu," nilisema.

"Wapi?"

"Kushoto. Juu. Kidogo tu."

Nilisema kushoto kwa sababu kushoto ndiko nisikosikia; hakuna anayeweza kunishika uwongo huko.

Alirudisha kanda nyuma. Alisikiliza tena. Alisogea akainama kwenye spika ya kushoto hadi sikio lake likakaribia koni. Bisi zilipasuka, maji yakamiminwa, akakohoa, akasema "Haya". Akazima.

"Mimi sisikii ukungu," alisema polepole. "Mama wa Mbeya anausikia. Wewe unausikia. Mimi siusikii." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi ni mimi, Mwalimu. Sikio langu limekwisha."

Hapo palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Naijua, ndiyo iliyo juu kabisa ya ukurasa huu. Ina maneno matano. Nilifungua mdomo nikasema, "Hapana Fundi, labda ni uchovu."

Alirudisha spika Mbeya jinsi zilivyokuwa, akamwomba Mama Studio radhi, na hakushika tena spika ya studio. Waliomletea aliwaambia, "Mimi siku hizi natengeneza pasi." Uzi wa mwashi aliutumia kufungia turubai. Ile kanda sikujua ilikwenda wapi. Niliendelea kupita kumsalimu, kwanza kila wiki, halafu kila mwezi, halafu nikawa napita barabara ya upande wa pili. Tukikutana sokoni, hata mbele za watu, aliniita Mwalimu tu. Sikio hakulitaja tena, na mimi, niliyelibeba lile jina kwa uwongo miaka yote, nililikosa kwa kweli.

Miaka minne ilipita hivyo. Mwaka jana mama yangu akafariki. Siku za msiba, nikiwa nimekaa katikati ya shangazi zangu, nikawa sisikii nusu ya pole nilizopewa. Niliitikia kwa kichwa nisijue naitikia nini. Shangazi mmoja akanivuta. "We mwanangu," alisema, "mama yako alijua. Alikuwa akikaa kulia kwako kila siku, hukuona?" Sikuwa nimeona. Nilirudi Iringa nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na mojawapo ya vitu nilivyochoka kuvibeba ilikuwa siri ya sikio hilo.

Ilinichukua miezi mingine kupata ujasiri, maana ujasiri wangu nao ni wa insha. Mwezi uliopita, Jumanne, nikaenda Miyomboni.

Alikuwa amepungua. Koti lake lilikuwa lile lile la miaka yote, mtu ndani yake mchache zaidi. Alikuwa na pasi mikononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Umepotea. Kamwene."

"Kamwene."

Nilikataa kiti nikaketi kwenye kigoda, bila kukusudia, na ile televisheni ilikuwa bado mbele yangu. Nikageuka nimtazame yeye mwenyewe. Nikasema. Nilisema yote, surua, kioo, kila "safi", na mwisho ukungu. Sikuweka tamathali hata moja.

Aligeuza pasi, akaangalia chini yake.

"Ule ukungu hukuusikia."

"Sikusikia chochote, Fundi. Nilikuwa nausoma uso wako."

"Uso wangu." Alitazama televisheni muda mrefu. "Na mimi niliifuta kila asubuhi, nikasema Mwalimu asije akakaa mbele ya kitu kichafu."

Nje mtu alikuwa anauza karanga.

"Ulikuwa unaogopa nini?" aliuliza.

"Kuitwa kiziwi."

"Hapa karakanani? Mimi ninatengeneza vitu vilivyoharibika, Mwalimu. Nimewahi kukicheka kimoja?"

Hakuwa amekasirika kwa Kihehe. Ningefurahi angekasirika. Aliweka pasi chini na kusema kwa sauti ya mtu anayehesabu mzigo uliobaki: "Sawa. Wewe umeondoa ushahidi wako. Lakini spika za Mbeya bado zimenuna, na yule mama si mwongo. Kwa hiyo kama si sikio langu, ni mkono wangu. Umenirudishia kimoja, umenibakishia swali." Akacheka kidogo, bila furaha. "Usilie. Kunywa chai."

Chai ilikuwa bado haijamiminwa simu yangu ilipoita. Ilikuwa Mbeya, Mama Studio. Kwa miaka yote ningeipeleka kwenye sikio la kulia na kutoka nje. Nilibonyeza kipaza sauti nikaiweka juu ya benchi, kati yetu.

"Mwalimu! Ugonile? Huko baridi haijawamaliza? Sikiliza, nimempa kondakta wa basi mfuko wako. Ni vile vitambaa vya mama. Nimevifua, nimevipiga pasi. Nilisema, mama wa watu ametangulia, mtoto wake hana hata kitu kimoja cha mkono wake, na mimi nimeng'ang'ania vitambaa kwenye spika kana kwamba nilivifuma mimi."

"Ndaga, mama. Asante sana."

"Ngoja, sijamaliza! Jumapili walikuja kwaya kurekodi, spika ziko wazi, vitambaa viko kwenye kamba. Mwalimu wee! Zimefunguka! Nimesikia yule mama wa sauti ya kwanza anavyovuta pumzi kabla hajaanza. Nikasema haiwezekani. Nikaenda kwenye kamba nikachukua kitambaa, kibichi hivyo hivyo, nikafunika. Zikanuna. Nikafunua, zikaimba. Nimefunika na kufunua kama mwehu, wanakwaya wananitazama. Na ile siku nilipozileta huko Iringa, si nilivivua nikaviacha kabatini, nikiogopa visichafuke njiani? Mwalimu, upo?"

"Nipo."

Fundi alikuwa amesimama. Hakuitazama simu, alinitazama mimi.

"Vitambaa gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vya mama yangu. Vya mahameli."

"Juu ya spika?"

"Juu. Na mbele, mpaka nusu."

"Nani alizivisha?"

"Mimi, Fundi."

Alikaa chini, taratibu, juu ya sanduku la nyanya. Mkono wake wa kulia, ule uliokata ngozi ya mbuzi mara mbili, ulikuwa juu ya goti, na aliutazama kana kwamba umerudi kutoka safari.

"Mwambie arudie," alisema. "Hiyo spika ya simu yako mbovu. Sikusikia."

Mimi najua uso wa mtu ambaye hajasikia. Nimeuvaa tangu darasa la tatu. Najua unavyokaa machoni na unavyovuta midomo. Huu haukuwa uso huo.

"Mama," nilisema, "niko na Fundi hapa. Anaomba urudie. Tangu mwanzo, polepole."

Upande wa pili Mama Studio akavuta pumzi, sote wawili tukaisikia, akasema, "Shikamoo, Fundi," na akaanza tena kwenye vitambaa.